Tumbaku Ilinisomesha, Lakini Sitaki Iuzwe kwa Watoto Wetu

Ndugu zangu wa nyumbani na wa ughaibuni,

Mimi si mwandishi wala si mwanasiasa. Ni muuguzi, mama wa watoto wawili, niko Massachusetts mwaka wa kumi na moja sasa. Kawaida yangu ni kusoma hoja za wenzangu, kucheka kidogo, kisha kwenda zangu zamu ya usiku. Leo nimeona nami niandike, kwa sababu kuna jambo limetokea katika mji mdogo ninaoishi na limeniachia kidonda. Nikinyamaza nitakuwa mnafiki.

Kabla sijaenda mbali niseme mimi ni nani, ili baadaye mtu asije akasema nimeficha. Nimezaliwa Urambo, mkoa wa Tabora. Wenye umri wanakumbuka Urambo kwa ule mradi wa karanga wa Waingereza wa miaka ya 1940 ulioshindwa vibaya. Karanga ziliposhindwa ikaja tumbaku, na tumbaku ndiyo iliyotulea. Marehemu baba alikuwa mkulima, mwanachama wa chama cha msingi, mwenye ekari tatu na bani moja. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mitumba ya tumbaku, na nauli ya kwenda chuo ikatoka humo humo. Digrii yangu ya uuguzi, na hii kalamu ninayoandikia, zina harufu ya tumbaku.

Lakini nakumbuka pia asubuhi za kuchuma majani yakiwa bado na umande. Tulikuwa watoto wa miaka tisa, kumi. Tunachuma, tunabeba mabua kwapani, nguo zinaloa, na ikifika saa nne kichwa kinazunguka na tunatapika. Wazee wakisema ni jua, au mtoto hakunywa uji. Nilikuja kujua darasani, nikiwa mtu mzima, kwamba ile ilikuwa nikotini inayopenya kwenye ngozi iliyolowa. Kwa hiyo mimi nilionja nikotini kabla ya kumaliza shule ya msingi, na sijawahi kuvuta sigara hata moja maishani mwangu.

Sasa twende kwenye habari yenyewe.

Katika jimbo hili la Massachusetts kila mji una Bodi ya Afya. Ina wajumbe wachache, mara nyingi watatu au watano. Kuna miji wanachaguliwa kwa kura, na kuna miji wanateuliwa na halmashauri ya mji. Msiidharau bodi hiyo kwa udogo wake. Sheria ya jimbo inaipa uwezo wa kutunga kanuni za afya zenye nguvu ndani ya mji, kuanzia maji machafu, jiko la mgahawa, hadi nani auziwe sigara na nani asiuziwe. Hakuna haja ya kusubiri rais wala gavana.

Na ndivyo ilivyoanza hasa. Mwaka 2005 mji wa Needham, ambao wengi wenu hamjausikia, ulikuwa wa kwanza Marekani nzima kukataza tumbaku isiuzwe kwa mtu aliye chini ya miaka 21. Watu walicheka, wakasema vijana watavuka barabara wakanunue mji wa jirani. Watafiti wakafuatilia. Kati ya mwaka 2006 na 2010 wanafunzi wa sekondari wa Needham waliokuwa wakivuta walishuka kutoka asilimia 13 hadi 7, wakati miji ya jirani walishuka kutoka 15 hadi 12 tu. Basi miji mingine ikaanza kuiga, mmoja baada ya mwingine, zaidi ya mia moja, mpaka jimbo lenyewe likapandisha umri kuwa 21 kuanzia tarehe 31 Desemba 2018. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 2019, ikawa sheria ya Marekani yote. Hebu fikirini: mkondo ulianzia kijijini ukapanda hadi Washington, wakati sisi tumezoea maji yashuke kutoka juu.

Halafu likaja la Brookline. Mwaka 2020 mkutano mkuu wa mji huo ulipitisha kanuni kwamba yeyote aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 2000 asiuziwe tumbaku katika mji ule maisha yake yote. Wenye maduka walikwenda mahakamani. Machi 2024 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema kanuni ni halali. Miji kama Stoneham, Wakefield na Melrose ikafuata kwa kupitia bodi zao za afya. Na si huku peke yake. Uingereza muswada wa aina hiyo ulipelekwa bungeni mwaka 2024, ukiwataja waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2009. New Zealand walipitisha yao mwaka 2022, serikali ikabadilika, wakaifuta mwaka 2024 kabla haijaanza kuuma. Jambo la mwisho hilo liwekeni akilini, nitalirudia.

Mji wetu nao ukataka kufuata. Bodi yetu ya Afya ina wajumbe watatu wanaoteuliwa na halmashauri ya mji. Wakati huo kiti kimoja kilikuwa wazi kwa sababu mzee mmoja alihama. Wawili waliobaki wakatangaza kusikiliza maoni ya wakazi kuhusu kanuni ya kizazi kisichouziwa tumbaku, kura ipigwe baadaye kiti kikishajazwa.

Jioni ile ukumbi ulijaa. Nilihesabu watu zaidi ya sitini, na katika hao Waafrika tulikuwa wanne. Kila mtu anapewa dakika tatu, kengele inalia, unakaa. Walizungumza walimu, mapadri, wanafunzi, wenye maduka, na babu mmoja aliyepigana vita Vietnam. Kisha akasimama kaka yetu mmoja, Mkenya, anayeendesha duka kwenye kituo cha mafuta. Namfahamu, tumezikana, tumechangiana harusi. Alisema kwa ustaarabu kwamba yeye hajawahi kumuuzia mtoto, anakagua kitambulisho cha kila mtu, na anajua kosa la kwanza tu ni faini ya dola 1,000. Akauliza kwa nini aadhibiwe yeye anayefuata sheria, wakati mteja atakwenda mji wa pili na kununua huko sigara, maziwa na mkate kwa pamoja. Ukumbi ulimpigia makofi, na mimi nilimpigia, maana hoja ilikuwa ya kweli.

Zamu yangu ilipofika miguu ilitetemeka. Nilisema ninayoyaona kazini. Nilianza huku kama wengi wetu, kubeba boksi, yaani kuwaogesha na kuwageuza wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, mpaka nilipopasi mtihani wa leseni ya uuguzi. Kwa miaka yote hiyo nimewauguza watu wenye mapafu yaliyokwisha. Mtu mzima anavuta hewa kama samaki aliyetupwa ufukweni, mpira wa oksijeni puani saa ishirini na nne, anachagua kati ya kula na kupumua kwa sababu nguvu za vyote viwili hana. Mara zote nawauliza walianza lini. Hajanijibu mtu kwamba alianza na miaka thelathini. Wanajibu kumi na tatu, kumi na nne, kumi na sita. Na vitabu vinasema hivyo hivyo: katika Marekani karibu wavutaji tisa kati ya kumi walionja sigara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 18. Biashara hii inaishi kwa kuwapata wateja kabla hawajapata akili ya kukataa. Nikasema na la Urambo pia, kwamba tumbaku ilinilipia ada. Kengele ikalia.

Nje, kwenye maegesho, yule kaka akanifuata. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akaniambia, "Dada, tumbaku imekusomesha ukawa nesi. Mimi inanisomeshea watoto. Mbona wewe umeshavuka mto ndiyo unataka kuvunja daraja?"

Ndugu zangu, nilikosa jibu. Nilimwambia tu, "Kaka, tutaongea." Nimelitafuta jibu kwa miezi kadhaa na leo nalitoa hapa.

Jibu langu ni hili. Ada ile hakuilipa tumbaku. Aliilipa baba yangu kwa mgongo wake, na kwa miti ya miombo tuliyoikata ili kuwasha bani, na kwa mikopo ya pembejeo iliyomla faida kila msimu. Kama pale Urambo kungekuwa na bei nzuri ya mahindi au alizeti, angelima hayo na mimi ningesoma vile vile. Mkulima hana ndoa na tumbaku. Mwenye duka naye hana ndoa na sigara, anauza kinachonunuliwa. Kanuni ya namna ya Brookline haimwondolei mteja hata mmoja wa leo aliye na miaka arobaini. Inapunguza polepole, mwaka kwa mwaka, na mwenye duka anapata miaka mingi ya kubadilisha rafu zake. Mtoto aliyekwisha kunaswa hapewi miaka ya kujipanga. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya nichague upande.

Najua hoja nyingine zipo, na mbili nataka nizijibu kwa heshima.

Ya kwanza ni kwamba kijana wa miaka 18 anaweza kwenda vitani, iweje asiruhusiwe kuvuta? Yule babu wa Vietnam aliijibu vizuri kuliko mimi. Alisema jeshini walipewa sigara za bure kwenye mgawo wa chakula, na rafiki zake waliorudi salama wengi walikuja kuzikwa na sigara. Kwamba tunampeleka mtoto penye hatari moja si sababu ya kumwongezea ya pili.

Ya pili ni nzito kwetu watu weusi. Mama mmoja wa Kiafrika alinivuta mkono akasema, "Mdogo wangu, kila sheria mpya huku ni sababu mpya ya polisi kumsimamisha mwanangu." Hana kosa. Tarehe 17 Julai 2014 huko Staten Island, New York, Eric Garner alikufa mikononi mwa polisi waliomfuata kwa tuhuma za kuuza sigara moja moja. Nani atatuambia tusiogope? Ndiyo maana nilisema mbele ya bodi, na nasema tena hapa, kwamba kanuni imbane muuzaji, isimguse mtoto. Asikamatwe kijana kwa kukutwa na sigara mfukoni. Aulizwe aliyempa, na aulizwe na mkaguzi wa afya kwa faini na leseni, siyo na askari mwenye bunduki. Kanuni iliyopendekezwa ilisema hivyo hivyo. Lakini kama tusingekuwapo ukumbini, nani angeuliza?

Sasa nafika penye kidonda.

Wiki tatu baada ya mkutano ule, halmashauri ya mji ilikutana kumteua mjumbe wa kujaza kile kiti cha tatu. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwa wiki kadhaa, anatakiwa mkazi wa mji mwenye nia. Marafiki watatu walinipigia, "Dada nesi, mbona usiombe?" Nikawajibu nina zamu, nina watoto, lafudhi yangu nzito, wataniona nimetoka wapi. Walioomba wakawa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu ambaye siku yenyewe aliugua hakuja kujieleza. Wa pili alikuwa mfanyabiashara mwenye maduka mawili yenye leseni ya kuuza tumbaku. Ni mtu mwema, anafadhili timu za watoto, na hata mimi hunisalimia.

Ukumbi uleule uliojaa watu sitini, siku ile tulikuwa saba. Wakazi wanne tulizungumza. Nilisema sina ubaya na bwana huyu, ila kuna jambo mbele ya bodi ambalo fedha zake zimo ndani, je, halmashauri imelifikiria? Mwenyekiti akajibu kwamba sheria ya jimbo ya mgongano wa maslahi inajitosheleza, na mjumbe atatoka nje jambo hilo likijadiliwa. Mwombaji mwenyewe akaahidi. Akateuliwa, kura tatu kwa mbili.

Mwezi uliofuata bodi ikapiga kura. Bwana yule alitimiza ahadi, akasimama, akatoka nje, akakaa kwenye benchi la korido. Wakabaki wawili. Mmoja akasema ndiyo. Wa pili, ambaye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi na maduka, akasema hapana. Moja kwa moja, hoja imeanguka. Haikuchukua dakika kumi.

Angalieni vizuri, wakubwa. Hakuna aliyehongwa. Hakuna aliyevunja sheria hata kwa nukta. Kura iliyoiua kanuni ilikuwa ni ile isiyopigwa, kura ya kiti chenye mtu aliyekaa koridoni. Na kiti kile kilikuwa kinatafuta mtu kwa wiki kadhaa, na mtu huyo huenda angekuwa mimi. Watu sitini tulikuja kuzungumza kuhusu kanuni, na saba tu tulikuja kuzungumza kuhusu nani ataipigia kura. Tulilinda shamba mchana tukasahau kufunga ghala usiku. Kumbukeni New Zealand: sheria waliyo nayo waliipitisha, kisha wakaja watu wengine kwenye viti, ikafutwa. Karatasi haijilindi yenyewe, inalindwa na aliyekalia kiti.

Sasa mtaniuliza, haya ya Massachusetts yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ni sisi tulio nje. Tunakesha kubishana kuhusu Katiba mpya, mikataba ya bandari, na uraia pacha. Ni mambo makubwa, siyapuuzi. Lakini katika mji unaoishi, ambako mwanao anasoma na wewe unalipa kodi, unamjua mjumbe hata mmoja wa bodi ya afya? Umeshawahi kuingia ukumbini? Na msiogope lafudhi. Mwaka 2018 mama mmoja wa mji wa Southborough, hapa hapa Massachusetts, aliwasema viongozi wa mji wake kwa maneno makali, mwenyekiti akamtishia kumtoa nje kwa utovu wa adabu. Kesi ilifika mahakama ya juu ya jimbo, na Machi 2023 majaji wakasema kwamba katiba ya jimbo, iliyoandikwa mwaka 1780, inampa mwananchi haki ya kuwalalamikia viongozi wake kwa amani, na mji hauwezi kumlazimisha awe mpole kwao. Kama yeye alilindwa kwa maneno makali, wewe utashindwa kusema maneno ya adabu kwa Kiingereza cha Tabora?

Mara ya pili ni nyumbani. Tanzania tunayo Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inayokataza kuuza tumbaku kwa aliye chini ya miaka 18. Mwaka 2007 tukaridhia mkataba wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, mkataba ambao Marekani hii ilitia saini mwaka 2004 na hadi leo haijauridhia. Wakenya wana sheria yao ya mwaka 2007. Waganda ndio wametuzidi sote, sheria yao ya mwaka 2015 imeweka umri wa miaka 21, miaka minne kabla ya Marekani. Kwa hiyo asije mtu akasema hizi ni fikra za wazungu.

Lakini nenda dukani uswahilini. Mtoto wa darasa la tatu anatumwa na baba, "Kaniletee sigara mbili na kiberiti." Muuzaji anampa moja moja kutoka kwenye pakiti iliyofunguliwa, jirani kabisa na pipi. Sheria iko Dodoma, sigara iko kwenye kiganja cha mtoto. Katikati hapo pana nani? Pana serikali ya mtaa, serikali ya kijiji, na halmashauri yenye mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Ibara ya 146 ya Katiba yetu inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, unatakiwa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Mara ya mwisho umekaa lini kwenu, na ajenda ilikuwa nini zaidi ya michango?

Na sisi tumezoea njia ya mkato. Julai 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipiga marufuku shisha kwa tamko. Mimi kama muuguzi nilifurahi. Kenya nao waliipiga marufuku Desemba 2017. Lakini Januari 2024 mahakama ya Shanzu, Mombasa, iliwaachia watu walioshtakiwa kwa shisha, ikisema katazo halina nguvu kwa kuwa utaratibu wa kulipeleka bungeni haukufuatwa. Mnaona? Kinachoshuka kwa tamko kinaondoka kwa upepo. Mji wetu hapa tumeshindwa, ndiyo, lakini tumeshindwa kwa kura, na kwa kura tunaweza kurudi.

Wapo watakaosema mikutano ya mitaa ya nyumbani ni usanii mtupu, kwamba katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 chama tawala kilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya wenyeviti, huku wapinzani wakilalamika kwamba wagombea wao wengi walienguliwa. Nayajua hayo, na siyatetei. Ila naomba mtofautishe mambo. Kwenye kila halmashauri kuna Bodi ya Huduma za Afya, na kwenye zahanati na kituo cha afya kuna kamati ya usimamizi, na humo mna nafasi za wawakilishi wa wananchi. Nafasi hizo zinatangazwa. Nani anaomba? Mara nyingi ni yule yule aliyezoea kukaa karibu na mtendaji, kwa sababu wengine tumeshasema "wameshapangana hao." Pengine kweli wamepangana. Lakini mimi hapa hakuna aliyepanga dhidi yangu, nilijienguwa mwenyewe.

Kwa hiyo maombi yangu ni matatu.

Kwanza, kwa wenzangu wa ughaibuni, hasa wauguzi na walimu ambao tumejaa kila kona: tafuteni bodi ya afya, kamati ya shule, au baraza la mji wenu. Nendeni hata mara mbili kwa mwaka. Na siku ya uteuzi nendeni zaidi kuliko siku ya kelele.

Pili, kwa ndugu wa nyumbani: msisubiri sheria mpya. Ya mwaka 2003 ipo. Pelekeni ajenda kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, kwamba sigara isiuzwe moja moja karibu na shule na mtoto asitumwe dukani kuinunua. Diwani aipeleke kwenye halmashauri iwe sheria ndogo, yenye kumbana muuzaji na siyo kumchapa mtoto. Na muulize kwa sauti, mbele za watu: nani mwakilishi wetu kwenye kamati ya zahanati, na alipatikanaje?

Tatu, kwa viongozi wa mikoa inayolima: msituwekee wakulima mbele kama ngao. Kila tukisema watoto wakingwe, mnajibu mkulima wa Tabora atakula nini. Swali zuri. Ninyi ndio mnaotakiwa kulijibu, kwa bei ya haki na zao mbadala lenye soko. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na baba yangu hakutajirika kwa hata mmoja wao.

Yule kaka Mkenya tulikutana tena msibani mwezi uliopita. Tukakaa, tukanywa chai. Nilimpa jibu langu kama nilivyowaandikia. Hakukubali lote. Alisema, "Dada, ukiwa kwenye ile bodi nitakuja kukupinga kila mwezi." Nikamwambia karibu sana kaka, dakika zako tatu utazipata.

Kiti kingine kinakuwa wazi mwezi wa sita mwakani. Fomu ni ya kurasa mbili. Nimeshaijaza na iko juu ya friji, nasubiri tarehe ya kuipeleka.

Naomba kuwasilisha. Mnisahihishe nilipokosea, ila msinitukane mzee wangu, ametangulia mbele ya haki.

Binti wa Urambo,
Massachusetts